Kibati cha Nyumba ya Martini

Kwa maneno ya Zuleha, Pastory alikuwa amemuuzia Mrundi kibati chake kwa shilingi elfu kumi na tano, kisha akajilaza kitandani kujifanya mgonjwa, na sasa Mungu alikuwa amemuumbua. Zuleha aliyasema hayo akiwa ameegemea ua wa matete uliotenganisha nyumba zao pale Rusimbi, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwiko ambao bado ulikuwa na ugali.

"Nakwambia kama nilivyoambiwa, mama Frida. Yule Mrundi wenu kafika kwenye kizuizi cha njia ya bondeni, Oswald kamuuliza kibati kakitoa wapi. Kajibu bila haya kwamba kakinunua. Oswald si mlinzi wa mchezo, unamjua. Baiskeli kaichukua, madumu mawili ya mawese kayachukua, na mwenyewe kampigisha magoti kwenye tope kama anayetubu."

"Nani kakwambia?" aliuliza Veneranda, mke wa Pastory.

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wenye macho, shoga. Majina sitaji, nisije nikaitwa shahidi bure."

Veneranda aliendelea kuchekecha unga wa muhogo. Alikuwa mwanamke wa kutojibu upesi. Ukimwambia jambo, kwanza alilizungusha kichwani kama alivyouzungusha unga ule kwenye chekecheo, mpaka mapepe yabaki juu.

"Hiyo elfu kumi na tano," akasema mwishowe, "ingekuwa imeingia humu ndani, jana ningekuja kukuomba chumvi?"

Zuleha akacheka mpaka mwiko ukamtoka. "Hilo nalo neno. Lakini wanaume wana mifuko ambayo wake zao hawaijui."

"Wangu ana suruali moja, na huwa naifua mwenyewe."

Walicheka wote wawili, lakini Zuleha alipookota mwiko wake na kuingia ndani, Veneranda aliacha kuchekecha. Kama baiskeli imechukuliwa kweli, basi na kibati kimekwenda, maana vilifungwa pamoja.

Kibati chenyewe kilikuwa kipande cha bati ukubwa wa kiganja. Miaka hiyo Chama cha Njia, umoja wa wenye baiskeli wanaopita bondeni, kilikata vibati kwenye makopo ya mafuta ya msaada, yale yaliyozagaa mji mzima tangu wakimbizi walipoanza kumiminika, kikatoboa namba kwa msumari, na mwenye baiskeli akakifunga kwa waya nyuma ya tandiko. Bila kibati hupiti njia ya bondeni. Na bila njia ya bondeni, mbeba mawese anayetoka Ilagala atazunguka barabara kubwa, ambako malori ya chakula cha wakimbizi yalikuwa yamechimba mashimo ya kumeza baiskeli na mwenyewe. Safari ya siku moja inakuwa ya siku mbili. Ukifika sokoni Kigoma, wenzako wameshauza na bei imeshuka, unauza kwa kubembeleza.

Mwaka uliopita kibati kilikuwa shilingi elfu mbili na mia tano. Kisha zikaja mvua zile za kutisha, mto Luiche ukafurika, ukabeba madaraja yote mawili ya miti pamoja na kibanda cha mlinzi na kuku wake. Januari ya mwaka huo wa tisini na nane chama kikatangaza elfu saba. Watu walipiga kelele, wakaapa kwamba hawatalipa, kisha mmoja mmoja wakalipa. Pastory aliuza redio. Tangu siku hiyo nyumba ilikuwa kimya saa ya taarifa ya habari, na kila mmoja alijifanya hajali.

Veneranda hakuizoea ile elfu saba, si kwa sababu ya ukubwa wake tu. Yeye aliifahamu njia ile ikiwa haina bei. Alipoolewa alitolewa kwao Ilagala akiwa amekaa nyuma ya baiskeli, godoro limefungwa kwenye baiskeli ya pili, wifi zake wanakimbia pembeni wakipiga vigelegele, na kila walipokutana na mtu anafyeka matete, mtu huyo aliweka panga chini akaimba ubeti mmoja kabla ya kuwaachia wapite. Siku hizo ada ya kibati ilikuwa jembe. Jumamosi moja kila mwezi kila nyumba ilitoa mtu mmoja na jembe moja. Wanaume walijaza mashimo, wakalaza vigogo vya michikichi kwenye maji, na wanawake walipika chini ya mlima, ugali wa muhogo na migebuka ya ziwani iliyokaangwa kwa mawese mapya mpaka harufu ikawavuta hata wasiokuwa na jembe. Hao nao walipewa sahani, kisha wakachekwa, kisha wakapewa kazi ya kuosha sufuria. Baba mkwe wake, marehemu Mzee Martini, alikuwa miongoni mwa watu tisa wa kwanza kuifyeka. Nyumba yake ilipewa namba nne, na namba nne ndiyo iliyokuwa nyuma ya tandiko la Pastory mpaka leo asubuhi.

Ndani, Pastory alikuwa amelala ubavu, ametazama ukuta.

"Umesikia?" Veneranda aliuliza.

"Ua wa matete hauzuii sauti ya Zuleha."

"Ni kweli?"

"Kwamba nimeuza?" Aligeuka taratibu, mkono umeshika tumbo chini ya kitovu. "Hata wewe?"

Pastory alikuwa na ngiri. Ilimshuka mwezi wa pili akiwa anasukuma madumu matatu kwenye mwinuko wa Ujiji, na hospitali wakamwambia asiguse mzigo kwa miezi mitatu, la sivyo atapasuliwa. Majirani aliwaambia ni kiuno. Mwanaume akiumwa kiuno anapewa pole. Akiumwa ngiri anapewa pole na utani, na utani ndio unaobaki. Kwa hiyo baiskeli alimpa Selestini, yule Mrundi wao.

Selestini alifika saa tisa alasiri, kwa miguu, magoti yamejaa tope. Alikuwa mtu mrefu wa makamo, mpole, aliyevuka mpaka mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita akiwa na sufuria moja na picha ya mke ambaye hakujua aliko. Alikuja siku moja kuomba kazi ya kupasua kuni, akapasua, akala, akalala kwenye banda la jikoni, na kesho yake hakuna aliyemwambia aondoke. Ulipopita msako wa kuwarudisha wakimbizi makambini, Veneranda alimfungia humo bandani siku mbili, akawa anampelekea chakula akikificha ndani ya ndoo tupu ya maji machafu.

"Amahoro," alisema mlangoni, kisha akakumbuka akasema, "Habari za hapa."

"Walikupigisha magoti?" Veneranda aliuliza.

"Hapana, mama Frida. Nilianguka mwenyewe nikiteremsha dumu. Oswald hakunigusa. Aliniuliza mwenye baiskeli yuko wapi, nikamwambia yuko nyumbani, mimi nakula kwake. Akasema mwaka huu kibati ni cha mtu, si cha nyumba. Akasema atapeleka kwa wakubwa." Alikaa kwenye kizingiti. "Jumapili wanakaa kikao pale darajani. Wamesema twende wote wawili, mimi na mwenye baiskeli."

"Nani kasema ni cha mtu?" Pastory alijikunja akaketi, uso umemkauka. "Kibati ni cha nyumba. Tangu baba. Anayekula chungu kimoja na wewe anapita na kibati chako. Hayo yanajulikana."

"Yanajulikana na nani sasa?" Veneranda alisema. "Waliokuwa wakiyajua wengi wao wako makaburini."

"Kwa nini wasiniambie siku niliyolipa?"

Lakini siku ile ya Januari Pastory alikuwa na homa, na aliyetumwa kupeleka elfu saba na kuchukua kibati alikuwa Selestini.

* * *

Kesho yake asubuhi Veneranda alifunga khanga mbili zilizofanana, akatembea mpaka Ujiji kwa Mzee Saad, mwenyekiti wa chama. Mzee Saad alikuwa mtu wa Ujiji hasa, babu zake walikuja na misafara, na nyumba yake ya udongo ilikuwa bado na mlango mzito wa zamani ulionakshiwa, ingawa bawaba moja ilikuwa ya waya. Alimkuta barazani akisuka upya kiti cha kamba.

"Hodi. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Mke wa Pastory! Wala usingekuja ningekuja mimi." Akampigia mkewe kelele alete kahawa. "Pastory kiuno chake?"

"Anaendelea."

"Kiuno," Mzee Saad alirudia, akatabasamu kidogo kama mtu aliyewahi kubeba mawese mwenyewe na anayejua viuno vya wabeba mawese viko wapi. Veneranda alitazama chini.

Waliongea kwanza mambo ya zamani, kama ilivyo adabu. Mzee Saad alimkumbuka Martini, jinsi alivyokuwa akiimba akifyeka, sauti mbaya kuliko zote lakini hakuna aliyemzidi kwa panga. Alikumbuka daraja la kwanza, vigogo vinne tu, na jinsi walivyolipima kwa kumpitisha mtu mnene kuliko wote, muuza nyama mmoja wa Gungu, wakasema likimbeba huyo litabeba mawese ya Ilagala yote. Alicheka mpaka akafuta macho. Veneranda naye alicheka. Kwa muda ule mfupi ilikuwa kana kwamba amekuja kusalimia tu.

"Sasa, mwanangu," Mzee Saad akasema, akaweka kamba chini. "Unataka nikwambieje. Daraja la leo si vigogo. Zamani michikichi ilianguka yenyewe, mwenye shamba anakwambia chukua. Nenda leo kaombe kigogo uone. Mbao zinauzwa, misumari inauzwa, fundi anataka fedha mkononi kabla hajashika nyundo. Jembe lako hanunulii sukari. Mimi sikuipenda hiyo elfu saba. Nililala njaa kwa mawazo. Lakini tusingeitoza, leo mngekuwa mnaogelea na madumu."

"Tuliilipa, Mzee. Hatukusema neno."

"Najua. Ndiyo maana naumia." Alishusha sauti, ingawa barazani hapakuwa na mtu. "Tatizo si fedha. Amekuja mtendaji mmoja hapa, mkali, ana miwani. Anasema amesikia njia yetu inapitisha watu waliotoroka kambini. Akaniambia, mzee, nikimkuta Mrundi mmoja na bati lenu, naifunga njia na chama chenu nakifuta. Baiskeli mia na themanini, mwanangu. Nyumba mia na themanini zinakula kwa njia ile."

Kahawa ilikuja. Veneranda aliishika bila kunywa.

"Kuna namna," Mzee Saad akasema. "Jumapili Pastory aseme kwamba yule mtu aliichukua baiskeli bila ruhusa. Alfajiri, nyinyi mmelala. Basi. Kibati kinarudi, baiskeli inarudi, mawese yanarudi. Faini hakuna. Nitasimamia mwenyewe."

"Na yeye?"

Mzee Saad aliokota kamba yake akaivuta. "Atachukuliwa na mgambo, apelekwe kambini. Kambini wanakula, Veneranda. Si kwamba anakwenda kuchinjwa."

"Atakwenda akiwa mwizi."

"Atakwenda."

"Na akisema kweli, Pastory?"

"Kwa kanuni mpya, aliyemwazima mtu kibati ananyang'anywa mpaka mwaka uishe. Adhabu haipunguzwi, na kibati hakilipiwi tena. Katibu wetu Leonardi aliiandika hivyo na kikao kikapitisha." Alimtazama kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. "Mwanangu, mtoto wako Frida anasoma darasa la ngapi?"

"La saba."

"Basi fikiria."

* * *

Jumapili baada ya misa walikwenda wote watatu. Pastory alitembea taratibu, akisimama kila baada ya hatua mia kama anayetazama mandhari. Selestini alitembea nyuma yao. Hakuna aliyemwambia lililosemwa barazani kwa Mzee Saad, lakini jana yake jioni alikuwa ameikunja shuka yake vizuri, akaosha sufuria yake ile moja, akaiinamisha juu ya jiwe ikauke.

Kikao kilikaa kwenye nyasi kando ya daraja jipya. Mbao zake zilikuwa bado nyeupe, zinanuka utomvu. Watu walikuwa kama arobaini, wengi wabeba mawese, miguu imekakamaa kama mizizi. Katikati kulikuwa na meza, na nyuma ya meza Leonardi, katibu, kijana aliyesoma mpaka kidato cha nne, shati limechomekewa, daftari limefunguliwa. Mzee Saad alikaa pembeni yake kwenye kiti. Baiskeli ya Pastory ilikuwa imeegemezwa kwenye nguzo ya kizuizi, madumu yakiwa chini yake.

"Pastory Martini," Leonardi alisoma. "Namba nne. Kweli?"

"Kweli."

"Tarehe kumi na nne, baiskeli yenye kibati hicho ilikutwa na mtu mwingine. Kwa nini hukuwa ukiendesha mwenyewe?"

Pastory alibadilisha mguu wa kuegemea.

"Nauliza kwa sababu ya kuandika tu, kaka. Ulikuwa safarini?"

"Hapana."

"Ulikuwa msibani?"

"Naumwa," Pastory alisema.

"Unaumwa nini?"

"Kiuno."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kiuno cha mbele au cha nyuma?" na kicheko kikapita kwenye nyasi kama upepo. Mwingine akaongeza, "Mwacheni, kimeshuka, kinatafuta njia ya bondeni bila kibati." Hata Oswald, pale kwenye mti wake wa kizuizi, aligeuza uso acheke. Pastory alitazama maji. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Ana ngiri," Veneranda alisema kwa sauti. "Aliipata akibeba mawese kwenye njia hii. Sasa mmejua, chekeni mmalize, tuendelee."

Kicheko kikakatika. Wengi pale walikuwa wanajua jinsi na wao usiku wanavyojishika matumbo.

Leonardi alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, na kazi ile hakulipwa. "Tuendelee. Kanuni ya tano: kibati ni cha mtu aliyeandikwa. Ilisomwa hapa hapa, Januari, mbele ya wote."

"Mume wangu hakuwepo. Alikuwa na homa."

"Lakini alilipa. Hapa nimeandika, elfu saba, imepokelewa."

"Nani alikukabidhi?" Veneranda aliuliza.

Leonardi alitazama daftari, kana kwamba jibu limo humo. Kisha akainua macho, yakaenda moja kwa moja mpaka nyuma ya watu, alikosimama Selestini.

"Ulizipokea mkononi mwake," Veneranda alisema. "Ukampa kibati mkononi mwake. Hukumuuliza ametoka wapi. Na Jumamosi iliyofuata alikuja kubeba mbao hizi badala ya Pastory, kutwa nzima, mkampa uji. Siku hiyo hakuwa Mrundi?"

"Dada, mbao ni mbao," Leonardi alisema, na safari hii kicheko kilimwangukia yeye. Aligonga meza kwa kalamu. "Sikilizeni! Msicheke. Mnalipa elfu saba zenu, nami ndiye mnayenitukana sokoni. Mnadhani nazila? Daraja hili limekula laki nane. Mti wa kizuizi, mlinzi, misumari, kila kitu. Tukifungiwa njia kwa ajili ya mtu mmoja, nani atawarudishia? Mimi nataka kuandika kitu kimoja tu. Pastory, yule mtu aliichukua baiskeli yako kwa ruhusa, au bila ruhusa?"

Mzee Saad aliinamisha kichwa kidogo, kama anayemwonesha mtu pa kukanyaga.

Pastory alifungua mdomo. Veneranda alimwona akiitafuta ile sentensi waliyokubaliana jana yake wakiwa wamelala bila kutazamana. Ilikuwa fupi, maneno manne. "Aliichukua," Pastory alisema. "Selestini aliichukua..."

Nyuma ya watu, Selestini alivua kofia yake. Hakusogea, hakutazama njia ya kukimbilia. Aliishika tu kofia kifuani kwa mikono miwili, kama mtu anayengoja kusomewa jina lake kanisani.

"...nilimpa mimi," Pastory alisema. "Nilimpa. Andika."

Watu wakaguna. Wengine walisikitika kweli, kwa sababu kila mmoja alijua hesabu ya mwaka mzima wa barabara kubwa, na mwenye ngiri. Leonardi alishusha pumzi akachovya kalamu hewani, anatafuta mstari.

"Ngoja kwanza," Veneranda alisema.

Akatoka alipokuwa, akasimama mbele ya meza, lakini hakumtazama Leonardi. Alimtazama Mzee Saad. Lililokuja mdomoni mwake lilikuwa jambo ambalo katika nyumba ya Martini halikuwahi kutamkwa, hata wakati wa ugomvi, hata kwa mzaha.

Mwaka wake wa pili wa kuolewa, Mzee Saad, wakati huo Saad tu, alikuwa amefilisika. Mtumbwi wake ulizama na mali ya watu kutoka Mwamgongo, waliomdai walichukua baiskeli yake na kibati chake, na ndugu zake wa Ujiji wakawa wanavuka upande wa pili wa barabara wakimwona. Martini alimkuta amekaa njiani, akamleta nyumbani. Alikaa nao kiangazi kizima. Kila kuku aliyechinjwa, Martini alimkabidhi Saad kisu kwanza, ili mgeni wake ale bila shaka moyoni, na Veneranda, bi harusi mgeni, ndiye aliyekuwa akimtengea chakula kwenye sahani ya bati yenye ua jekundu. Alfajiri Saad aliondoka na baiskeli ya Martini, na nyuma yake namba nne. Pale mtoni mzee aliyekuwa akishika zamu alimuuliza mara moja tu, na Martini, aliyekuwa akifyeka karibu, alijibu bila kuinua kichwa, huyo wa kwangu. Kwa kiangazi kile Saad alisimama tena. Jioni zile alikuwa akirudi anapiga kengele kuanzia mbali, na wifi zake Veneranda walikuwa wakitoka nje kucheka tu kwa kusikia kengele ile, wala hakuna aliyejua kwamba siku hizo ndizo watakazokuja kuzikumbuka.

"Mzee Saad," Veneranda alisema. "Shikamoo tena."

"Marahaba."

"Mimi nimelelewa vizuri kwenye nyumba niliyoolewa. Mtu akila kwetu, hatumsimangi. Baba mkwe wangu hakusimanga mtu mpaka anakufa, na mimi leo sitaanza. Kwa hiyo sitasema."

Mzee Saad alijiweka sawa kitini. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti.

"Ila hawa vijana hawakuwepo. Wanadhani kibati cha nyumba ni ujanja wa Pastory. Wanadhani tumekibuni kwa ajili ya Selestini." Alikaza khanga kiunoni. "Sikuombi uivunje kanuni. Daraja ni lenu wote, nami nalipita. Naomba uwaambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba zamani mtu alikuwa akipita hapa kwa kibati cha nyumba aliyokula. Kwamba umemwona mtu huyo kwa macho yako. Usimtaje jina kama hutaki. Waambie tu alikuwa mwizi au hakuwa mwizi. Kisha mwandike mnachotaka."

Wazee wawili watatu waliokuwa wameketi mbele, waliokuwa wakijua, walianza kuchuma nyasi. Ng'ambo ya daraja walikuwa wamefika wabeba mawese sita au saba kutoka Ilagala. Walisimama na baiskeli zao zimeelemewa madumu, wakingoja Oswald ainue mti, na Oswald hakuinua.

"Mzee?" Leonardi alisema kwa upole. "Niandikeje?"

Mzee Saad aliitazama meza, akamtazama Selestini kule nyuma na kofia yake kifuani, akawatazama watu wa ng'ambo. Alivuta pumzi kama anayetaka kusimama. Kiti kililia. Lakini alikaa vile vile, mikono juu ya magoti, midomo imefunguka kidogo, na Veneranda alibaki amesimama mbele yake, akimngoja.